Sanduku Ambalo Hatukulifungua

Bodo, Msambweni
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwako kaka yangu Jaafar,

Shikamoo kaka. Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile joto la Doha ulilosema linakubabua midomo limepungua walau kidogo. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mama anakusalimu sana. Mguu wake wa kushoto bado unavimba akisimama muda mrefu, lakini presha imeshuka. Mjomba Chande naye anakusalimu, na anauliza kama ile saa uliyomwahidi imeota mabawa. Mvua imenyesha ya kutosha, mihogo imeshika vizuri, na kima wameshaanza wizi wao.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini unaijua simu ya nyumbani kwetu. Ukipiga, mama huiweka sauti ya juu katikati ya ua, na kabla hujamaliza salamu, jirani wa tatu ameshajua jana ulikula nini. Ninayotaka kukueleza hayafai kusikika uani. Barua nimempa Purity, yule binti wa Ukunda mnayefanya naye kazi hoteli moja, aliyekuja likizo na anarudi huko kesho. Ananiapia kwamba atakukabidhi mkononi. Mimi nimeitikia, kisha nikaishona bahasha kwa uzi mwekundu, mishono kumi na miwili. Ukikuta imepungua, niambie.

Jambo la kwanza nalisema sasa hivi, ili hata kazi ikikuita katikati ya kusoma uwe umeshalipata. Ile hati ya kiapo uliyoletewa na wakili wa Kwale, ya kuomba kaburi la mdogo wetu Amin lifukuliwe, usiitie sahihi. Najua ni mimi mwenyewe niliyekupigia kila siku wiki nzima nikikuhimiza. Ndiyo, ni mimi. Sasa nakwambia usitie, na sababu nitakupa, ila nataka uisikie kuanzia mwanzo kwa sababu wewe hukuwepo, na kwenye simu ulipata vipande vipande.

Siku sanduku lilipoletwa ilikuwa Alhamisi, yapata saa tano asubuhi. Lilikuja gari la jeshi na askari sita, bendera imetandikwa vizuri bila kunjo hata moja. Sanduku lilikuwa limekazwa kwa skrubu, na juu yake karatasi ya muhuri iliyosema lisifunguliwe. Afisa aliyekuja nalo alikuwa mtu wa heshima, alivua kofia mbele ya mama na kuinama. Alisema Amin amefia kazini akilinda mpaka. Hapo ndipo tulipokosea, kaka, na kosa ni letu, si la yule afisa. Wanaume waliposikia mpaka, wakasikia na risasi ambazo hakuna aliyezitaja. Imamu wetu akasema kwamba shahidi wa vitani haoshwi wala hasaliwi, huzikwa na damu yake kama alivyo. Watu wakaleta takbiri. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza afisa kijana alikufa vipi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nikayasikia dirishani, na nikaona fahari. Sitakuficha, niliona fahari kabisa. Kabla ya saa saba tulikuwa tumeshamzika.

Wiki tatu baadaye barua rasmi ikaja. Lori walilokuwa wakisafiria lilipinduka kwenye mto mkavu. Ajali ya gari, basi. Mama alinisomesha ile barua mara tatu, kisha akasema kwamba basi mwanawe hakufa vitani, na kwa hiyo alistahili maji. Alistahili kuoshwa na kusaliwa kama baba alivyooshwa na kusaliwa, nasi tulimtia ardhini na vumbi la safari. Tulimwita imamu. Maskini alijuta mpaka akashindwa kuinua uso. Akasema pasipo kuoshwa hata swala yenyewe haiswihi, na kwamba muda ule uliokwisha pita umelifanya jambo kuwa gumu. Tokea hapo mama akawa kila akitawadha analia. Mara tano kwa siku, kaka. Akigusa tu maji ya birika, machozi. Chakula akawa anakionja na kukisukuma pembeni, mpaka bangili zikaanza kumtoka mkononi.

Kwenye arobaini ndipo alipokuja Kombe. Ni Mduruma wa Kinango, Mkristo, alikuwa kambi moja na Amin na walikuwa lori moja siku ile. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye bendeji, amepewa likizo ya ugonjwa. Mtu mwembamba, mpole, anaongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Wote walimpenda papo hapo. Mimi sikumpenda. Wewe unanijua, hata chumvi naionja mara mbili. Alipovua viatu aliviweka ncha zikitazama njiani, nami nikajiambia huyu anataka kuondoka kabla hajakaa. Mama alipomshika mkono kumshukuru kwa kuja, hakumtazama machoni, alitazama kifundo cha mkono wa mama.

Halafu nikiwa nachota maji mtungini, akaja taratibu akaniuliza kama siku ya mazishi tulilifungua sanduku. Nikamjibu kwamba hatukulifungua, tulikatazwa. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Jioni mjomba Chande akanisimulia kwamba yule kijana amemwuliza swali la ajabu kidogo, kama sanduku lilifunguliwa. Asubuhi yake Kadzo, jirani yetu, ananiambia lile lile. Swali moja kwa watu watatu, kila mmoja pembeni kwake. Mimi ni fundi cherehani, kaka. Mteja anayekuuliza mara tatu kama umefumua pindo la ndani ameficha kitu humo.

Basi nikaanza kumfuatilia maneno yake. Mjomba aliambiwa kwamba Kombe alikaa mbele na dereva. Mama aliambiwa kwamba hakuyaona mambo mengi, kulikuwa na vumbi. Kadzo akaambiwa kwamba Amin hakuumia kwa muda mrefu. Sasa mtu ambaye hakuona, amejuaje? Nilimwuliza Kadzo mara mbili kama amesikia vizuri, akanikasirikia.

Tena kulikuwa na habari ya simu. Begi la Amin lililetwa na vitu vyote, mpaka mswaki, lakini simu haikuwemo. Mama alikuwa na ada yake, kila Ijumaa baada ya swala huipigia namba ya Amin, na yule mwanamke wa kwenye mtambo humjibu kwamba haipatikani. Nilimwambia aache, anajitonesha, hakuacha. Ijumaa ya pili baada ya arobaini, ikaita. Ikapokelewa. Mtu akawa anahema, hasemi. Mama akaita Amin, Amin mwanangu, na ule mhemo ukawa wa haraka, kisha simu ikakatwa. Unakumbuka tulivyokupigia siku ile, wote tukiongea kwa pamoja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo dhambi yangu inapoanzia. Siku ile nilikaa nikapinda leso za watu, na nikiwa napinda nikayashona yote pamoja: sanduku lililofungwa, swali la Kombe, simu iliyopokelewa. Nikamwambia mama, kwa mdomo wangu huu, kwamba huenda aliyemo kaburini si Amin. Huenda wamekosea mtu. Huenda alitoroka, huenda ametekwa huko ng'ambo ya mpaka, na Kombe anajua, ndiyo sababu anataka kuhakikisha kwamba hatujaona kilichomo ndani. Mama aliinua uso akanitazama. Nilikuwa sijayaona macho yale tangu Januari, kabla ya sanduku kuletwa.

Siku ile alikula sahani mbili za ugali na samaki changu wa nazi. Kesho yake akafagia chumba cha Amin, akaanika godoro lake juani. Akatoka mwenyewe na mguu wake ule mpaka Msambweni, akamnunulia fulana mbili. Akawa anatawadha bila kulia. Mjomba akasema kama kuna shaka basi kaburi lifukuliwe na shaka iishe. Wakili akasema mahakama itataka kiapo cha mtoto mkubwa wa kiume, ndipo likakufikia wewe. Ukasema utafikiria. Mimi nikakukalia shingoni.

Kombe aliendelea kuja. Mara ya pili alileta unga na sukari, akakaa nusu saa. Mara ya tatu mjomba alimpeleka kaburini, nami nikabaki nyumbani peke yangu na begi la Kombe limeegemea ukuta. Hapo nitaruka kidogo, kaka. Nitarudi, nakuahidi, kwa sababu ni hapo hasa panaponifanya nitumie karatasi.

Jumapili iliyopita akaja mara ya nne. Kadzo alikuwa amemwambia kwamba tunangoja sahihi yako tu, kisha kaburi lifunguliwe. Alifika kwa bodaboda saa nne asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Akaomba aitwe mjomba, aitwe imamu, na mama na mimi tuwepo. Akapewa kiti, akakataa. Mimi nilisimama mlangoni, nikijisemea moyoni kwamba leo kijana ametafuta uongo mkubwa wa kutosha watu wote hawa.

Akasema kwamba lori lilipopinduka yeye alirushwa nje, na alipomfikia Amin alikuwa bado ana pumzi. Alimsikia akileta shahada mwenyewe, mara moja, polepole, kisha akanyamaza. Ndege ya kuwachukua ilikuwa ifike alasiri. Kombe alijua kwamba akishaingia kwenye sanduku hakuna atakayemgusa tena. Akakumbuka mazishi ya baba. Mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa, lakini mjomba akapiga goti lake kwa kiganja akasema ni kweli, yule kijana aliyekuja na Amin likizo mwaka ule, aliyekuwa akiteka maji kisimani na kuyafikisha kwenye pazia ambalo nyuma yake baba alikuwa akioshwa, alikuwa ni huyu. Siku ile Kombe aliona yote kwa sababu alikuwa akipokewa ndoo na kurudishiwa. Aliona kwamba huanziwa kulia, kwamba nguo ya kusitiri haiondolewi, kwamba huhesabiwa witiri, mara tatu au tano.

Basi akamwendea mkubwa wao akaomba maji. Yaliyokuwepo yalikuwa ya kunywa, madumu mawili, na jua ni lile la kule. Mkubwa wao akampa. Akamwosha Amin kwa mkono mmoja, huo wa pili umevunjika, mwenzao mmoja wa bara akimimina na kushika shuka. Mara tatu, na ya tatu maji yakapungua, askari wakatoa kila mmoja chupa yake. Kafuri ya kutia majini hakuwa nayo. Alimfunga kwa shuka mbili nyeupe za kambini, ya kwake na ya Amin. Alisema yote haya akiwa ameikunja kofia yake mkononi mpaka ikawa kitu kidogo.

Mjomba akamwuliza kwa nini basi amekuwa akizungukazunguka miezi yote hii badala ya kusema. Akajibu kwamba siku moja kambini Amin alimweleza kuwa Mwislamu huoshwa na Mwislamu mwenzake. Yeye wakati ule juani hakulikumbuka. Alilikumbuka ndani ya ndege. Akaogopa kwamba badala ya kumtakasa amemharibia. Akitwambia, tutafukua kaburi ili turudie. Lakini kama tulilifungua sanduku, basi tulishamwosha wenyewe na jambo limekwisha, naye hana haja ya kutusumbua. Ndiyo maana aliuliza. Alipoambiwa halikufunguliwa, alimwuliza mwingine akimwomba Mungu yule wa kwanza awe amekosea.

Sote tukamgeukia imamu. Imamu akaanza kumhoji kidogo kidogo, alianzia wapi, alimsitiri vipi, maji yalifika mwili mzima au la. Kisha akasema kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi anavyokumbuka, maiti akiogeshwa na asiyekuwa Mwislamu josho hilo linatosha, ila hataki kusema kitu kizito namna hii kwa kukumbuka. Akaondoka. Akarudi baada ya adhuhuri na kitabu, kidole bado kimo kwenye ukurasa, akasoma Kiarabu kisha akatafsiri. Inatosha. Amin ameoshwa. Kilichobaki ni kumsalia, na hilo linafanyika pale pale juu ya kaburi, bila kugusa hata bonge la udongo.

Mama hakuwa akimtazama imamu. Tangu Kombe alipomaliza alikuwa akimtazama yeye tu. Akamwuliza kama aliliona lile kovu. Kombe akajibu kwamba aliliona, goti la kulia upande wa ndani, la kukatwa na chaza za mikokoni, Amin alikuwa akijisifu nalo kambini. Halafu mama akauliza maji yalikuwa ya moto au ya baridi. Kombe akasema madumu yalikuwa juani tangu asubuhi, yalikuwa ya vuguvugu. Mama akasema alhamdulillahi, kwa sababu Amin tangu mdogo alikuwa hapendi maji ya baridi. Ndipo akalia, kaka. Siku ya mazishi hakulia hivi, siku ya mazishi watu walikuwa wanamwambia asilie, mwanawe ni shahidi. Nilimshika nikahisi mbavu zote zinatikisika. Ilikuwa ni mara ya pili ya kumpoteza, na ile ya pili nilimletea mimi.

Sasa narudi kwenye begi.

Siku ile mjomba na Kombe walipokwenda kaburini, nililifungua. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nikaikuta simu ya Amin. Niliijua kwa ule ufa wa pembeni. Nikaiwasha. Nikaona jumbe za mtambo za kila Ijumaa, kwamba mama alipiga, na ile simu moja iliyopokelewa, sekunde arobaini na tatu. Nikaelewa hapo hapo. Aliyekuwa akihema ni Kombe. Aliitoa mfukoni mwa Amin alipokuwa akimwosha, akataka kuirudisha kwa mkono wake, na hakuweza kuirudisha bila kusema ameipataje. Hayo ya kuosha sikuyajua wakati ule, lakini la muhimu nilishalijua: hakuna Amin aliye hai popote. Tumaini lote la mama lilikuwa juu ya ile simu, nami nilikuwa nimeishika.

Sikusema. Niliitia ndani ya kikapu changu cha vitambaa, nikaipeleka dukani kwangu Msambweni, nikaifungia kwenye droo ya cherehani. Niliporudi mama alikuwa anacheka na Kadzo. Anacheka, Jaafar. Nikajiambia siku moja tu, ale leo, nitamwambia kesho. Zikawa siku kumi na moja. Na katika siku hizo kumi na moja ndipo nilipokuwa nikikupigia wewe utie sahihi, nikijua. Usiniulize kwa nini, maana nimejiuliza na jibu linaniaibisha. Na mimi pia nilitaka liwe sanduku la mchanga tu, Amin asiwemo. Niliona kaburi likifunguliwa huenda simu ikawa imedanganya.

Lakini si hilo lililo baya zaidi. Jumapili, mama aliponyamaza kidogo, mjomba akamwuliza Kombe, kwa kuwa ndiye aliyemvua Amin nguo, simu yake iko wapi basi. Kombe aligeuka akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama machoni. Alikuwa anajua kwamba haimo begini, na alikuwa anajua tangu siku ile ni nani aliyeitoa. Akasema ameisahau Kinango, na aliyekosea ni yeye, asingeipokea ile Ijumaa na kumtia mama katika tamaa, hata hili la kaburi lisingezuka. Mjomba akamkaripia, akamwambia amemtesa mwanamke mzima bila sababu. Naye akainamisha kichwa akaomba radhi. Mimi nilikuwa mlangoni, mdomo ninao, na sikuufungua.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilingoja aniseme. Nilitamani aniseme. Akaniambia tu kwamba betri ya ile simu ni mbovu, inataka kuchajiwa kidogo kidogo, isiachwe kwenye umeme mpaka asubuhi itaharibika. Akapanda bodaboda akaenda.

Basi ndiyo hayo, kaka yangu. Ijumaa hii baada ya swala ya jamaa watu watakwenda kumsalia Amin kaburini. Nawe huko, saa hiyo, kama kazi itakuruhusu, msalie mdogo wako. Mwandikie wakili kwamba jambo limekwisha, usimweleze mengi. Mama ananiambia nikwambie usije ukajilaumu kwa kutokuwepo, nawe unajua jinsi alivyo, akisema hivyo ujue alikuwa anakulaumu na sasa ameacha.

Mjomba bado anamsema Kombe vibaya kwa ajili ya simu. Mama hamsemi vibaya lakini jana aliniuliza, mtu mwenye moyo mwema vile angewezaje kumwona mzazi anatumaini na akanyamaza. Nilimjibu kwamba sijui. Simu bado imo kwenye droo. Ijumaa watu wakishatawanyika nitaiweka mkononi mwake na kumwambia ilikuwa wapi na kwa siku ngapi. Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu najijua, na nikiwa nimeshasema kwa mtu mmoja sitaweza kurudi nyuma. Ukisikia mama hasemi nami, usinitetee.

Nisalimie Purity, na mwambie asinune kwa ajili ya uzi. Uwe na afya, ule vizuri, usikeshe na zamu za watu. Mungu akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako,
Hanifa

Nilikwambia kwamba nilimshuku Kombe tangu siku ya viatu. Ulinijibu kwenye simu kwamba kama kuna mtu anayeficha kitu katika nyumba ile, mimi nitamwona. Nimemwona.